Kilele cha pili kilikwenda wapi? Kisa cha puto la BOOMERanG

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, kama dakika tatu na nusu za pembe. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo ni kama kulenga nazi iliyo juu ya mnazi kilomita moja kutoka ulipo, ukaikosa kwa mita moja. Kosa hilo lilikaa mwaka mzima ndani ya matokeo ya darubini ya puto ya BOOMERanG, yaliyosomwa dunia nzima. Liliwafanya wanafizikia wazito watilie shaka hesabu za maada ya ulimwengu, na lilipita mbele ya macho ya watu zaidi ya 30 waliokuwa wakikaguana kazi. Hawakuwa wazembe hata kidogo. Kisa cha mzembe hakina la kutufundisha, tunamlaumu tunaendelea na shughuli zetu. Hiki kinawahusu watu waliopanga kazi yao vizuri.

BOOMERanG ilikuwa darubini iliyoning'inizwa chini ya puto kubwa la heliamu. Jina linachezea bumerangi, ile fimbo ya kutupa inayomrudia mwenyewe, kwa sababu wakati wa kiangazi cha kusini upepo wa juu huzunguka bara la Antaktika na puto hurudi karibu na lilikoanzia. Tarehe 29 Desemba 1998 puto liliachiwa jirani na kituo cha McMurdo, likapanda hadi kilomita kama 38, likazunguka ncha ya kusini kwa siku kumi na nusu. Tarehe 8 Januari 1999 lilitua ndani ya kilomita 50 kutoka liliporushwa. Viongozi walikuwa wawili: Andrew Lange wa Caltech, California, na Paolo de Bernardis wa Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma. (La Sapienza ndicho chuo ambacho watu wake waliendesha jukwaa la San Marco pale Ngomeni, Malindi. Setilaiti ya Marekani iliyorushwa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina la Uhuru. Jambo hilo halihusiki na kisa chetu, ila huwa linanipa raha.)

Walichokuwa wakitafuta ni mwanga wa kale kuliko wote, mionzi ya usuli wa ulimwengu, iliyoachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Leo imepoa hadi Kelvini 2.7 na inatoka kila upande wa anga kwa usawa unaokaribia ukamilifu. Hapo kwenye "unaokaribia" ndipo penye habari yote. Kuna madoa yenye joto zaidi na madoa yenye baridi zaidi, yanayotofautiana kwa sehemu kama moja katika laki moja. Ukihesabu madoa kwa ukubwa, makubwa ni mangapi na madogo ni mangapi, unapata mstari wenye vilima. Kilima cha kwanza, ambacho wenyewe wanakiita kilele cha kwanza, kinaeleza umbo la anga lote, kama limepinda au limenyooka. Urefu wa kilele cha pili ukilinganishwa na cha kwanza unaeleza kiasi cha maada ya kawaida, yaani ile inayotengeneza atomu, nyota, maji na sisi wenyewe. Maada ya kawaida ikiwa nyingi, kilele cha pili hufupika. Shikilia hilo, maana kisa chote kinaning'inia hapo.

Darubini yenyewe ilikuwa na kioo cha zaidi ya mita moja na vigunduzi 16 vilivyopozwa hadi Kelvini 0.28, vikisikiliza masafa manne: gigahezi 90, 150, 240 na 400. Kila kigunduzi kiliandika namba 60 kwa sekunde. Zidisha kwa siku kumi na nusu, unapata zaidi ya namba milioni 50 kwa kigunduzi kimoja. Hazikuwa picha hata kidogo. Ni mstari mrefu wa namba, na ndani yake madoa ya anga yamezama chini ya kelele za kifaa.

Kabla ya kufika kwenye kosa, tutazame kazi ilivyogawanywa. Kwenye miradi ya namna hii mpangilio wa watu hufuata mpangilio wa hesabu, na mahali hatua moja inapoikabidhi nyingine ndipo watu nao wanapokabidhiana.

Hatua ya kwanza ni kusafisha mstari wa namba. Mwale wa kosmiki, yaani chembe ya kasi kubwa itokayo anga za mbali, ukikigonga kigunduzi huacha mruko mkali, na mruko huo lazima uwekewe alama ili usihesabiwe. Kila baada ya dakika 15 taa ndogo ndani ya kifaa iliwashwa kidogo ili kuona kama kigunduzi bado kinajibu vilevile, na nayo inabidi iondolewe. Hatua ya pili ni mwelekeo. Kwa kila namba, kwa kila sehemu ya sitini ya sekunde, lazima ujue darubini ilikuwa ikitazama wapi angani. Kumbuka kitu hiki kinaning'inia kwenye kamba chini ya puto, kinazungushwa kushoto na kulia kwa kasi ya digrii moja au mbili kwa sekunde, na kinayumba. Safari hiyo ilitumia vipokezi vya GPS, vihisi vya jua na vipimamzunguko, kisha baada ya kutua watu wakakaa chini kuunganisha vyote na kukisia mwelekeo halisi. Bidhaa ya hatua hii ni jedwali la mwelekeo.

Hatua ya tatu ni kutengeneza ramani, na hapa kuna tatizo la kuku na yai. Ili upate ramani nzuri lazima uijue kelele ilivyo, na ili uijue kelele lazima kwanza uondoe anga kwenye data, jambo linalohitaji ramani. Wanazunguka humo mara kadhaa mpaka majibu yatulie. Hatua ya nne ni kutoka kwenye ramani kwenda kwenye mstari wa vilima, na ya tano ni kutoka kwenye vilima kwenda kwenye namba za ulimwengu wenyewe: umri wake, umbo lake, maada yake.

Hatua ya nne ilikuwa na uzito wake. Chukua ramani ya pikseli 50,000. Kelele ya pikseli moja inahusiana na ya nyingine kwa sababu darubini ilizipitia kwa mfuatano, kwa hiyo unahitaji jedwali la uhusiano la mistari 50,000 kwa safu 50,000, yaani namba bilioni 2.5. Ukiipa kila namba baiti 8, hizo ni gigabaiti 20, wakati kompyuta ya mezani ya mwaka 2000 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti mia moja au mia mbili hivi. Tena muda wa hesabu unakua kwa mchemraba: ukiongeza pikseli mara mbili, kazi inaongezeka mara nane. Kwa hiyo ramani zilipelekwa Berkeley, kwenye kompyuta kubwa ya Cray T3E ya kituo cha NERSC, na Julian Borrill akaandika programu ya MADCAP iliyogawa jedwali hilo kwa mamia ya vichakataji. Namba za ulimwengu zilishughulikiwa kwa sehemu kubwa na watu wa Toronto wakishirikiana na wa California. Kutoka Pasadena hadi Roma ni tofauti ya saa tisa. Mmoja akifungua kompyuta asubuhi, mwenzake anavaa koti arudi nyumbani.

Mimi nasema mgawanyo huo ulikuwa mzuri. Kila hatua ilikuwa na wenyewe, bidhaa zake zilijulikana, na hapakuwa na mtu mmoja aliyeshikilia kila kitu kichwani. Walifanya pia jambo ambalo miradi mingi hulitamani na kuliacha kwa kukosa muda: walijikagua kwa kutoa nusu moja ya data kutoka kwenye nusu nyingine.

Ukaguzi huo unastahili kuelezwa kidogo. Gawa data mara mbili, kwa mfano muda ambao darubini ilizunguka kwa digrii moja kwa sekunde, na muda ilipozunguka kwa digrii mbili. Tengeneza ramani mbili. Anga halikubadilika ndani ya siku kumi, kwa hiyo ukitoa ramani moja kutoka kwa nyingine, madoa yote ya kweli yanapaswa kufutika ibaki kelele tupu. Kikibaki chochote kingine, kuna uchafu: joto la jua, mtikisiko wa mota, mwangwi wa ardhi. Ni ukaguzi mkali na wa haki, kwa kuwa hauhitaji kujua jibu sahihi ni lipi. Unaweza kuufanya hata kabla hujathubutu kuuangalia mstari wa vilima.

Tarehe 27 Aprili 2000 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kwanza. Kwa tahadhari, mstari wa vilima ulitoka kwenye kigunduzi kimoja tu cha gigahezi 150 na asilimia moja hivi ya anga, ingawa data waliyokuwa nayo ilikuwa nyingi zaidi. Kilele cha kwanza kilikuwepo, wazi, kwenye namba 197 ikiwa na shaka ya 6 kila upande. (Namba hizi, waziitazo l, hukua kadiri madoa yanavyokuwa madogo, 200 ni madoa ya ukubwa wa digrii moja hivi.) Maana yake anga limenyooka. Magazeti yaliandika, na yalikuwa na haki ya kuandika, maana jibu hilo limesimama hadi leo.

Kilele cha pili hakikuonekana vizuri. Mahali ambapo nadharia ilikitarajia, kati ya 500 na 600, mstari ulikuwa chini mno, kama tambarare.

Hapo ndipo pilikapilika zilipoanza. Mwaka huohuo timu ilichapisha hesabu ya maada ya kawaida, ikapata kama 0.03 kwa kipimo wanachotumia. Tatizo ni kwamba kuna njia nyingine kabisa ya kuhesabu kitu hichohicho, kwa kupima hidrojeni nzito iliyobaki tangu dakika za kwanza za ulimwengu, na njia hiyo ilikuwa imetoa kama 0.02. Makala zikamiminika. Mmoja akapendekeza kwamba hakuna maada ya giza, ile isiyoonekana, mwingine kwamba namba za msingi za maumbile zilikuwa tofauti zamani, wengine wakacheza na idadi ya chembe ziitwazo nyutrino. Siwacheki. Data zilikuwa mezani, zimekaguliwa, na kazi ya mnadharia ni kueleza data. Lakini ukisoma mfululizo ule leo unajiuliza: ni wangapi waliouliza kwanza kama darubini ilikuwa ikitazama pale walipodhani inatazama?

Kulikuwa na puto la pili. MAXIMA iliruka kwa usiku mmoja Agosti 1998 kutoka Palestine, Texas, na matokeo yake yalitoka wiki chache baada ya BOOMERanG. Timu zilikuwa za ushindani lakini baadhi ya watu walikuwa wa pamoja, hasa wa hesabu kule Berkeley, na makala ya pamoja ikaandikwa ikiunganisha data za MAXIMA, BOOMERanG na setilaiti ya COBE. Hiyo nayo ilitoa maada ya kawaida karibu na 0.03. Hapa nina la kusema kama mtu ambaye kazi yake ni kuunganisha takwimu za watu mbalimbali. Kuunganisha si kuhakiki. Ukichanganya vipimo viwili, kile chenye uzito mkubwa kinakivuta kingine, na ukiruhusu kila kimoja kisogee kidogo ndani ya mipaka ya shaka yake, watakubaliana tu, kama ndugu wawili mbele ya mzee. Kuhakiki kungetaka viwekwe kando kwa kando, kila kimoja kikiwa peke yake, na mtu aulize vinaachana wapi.

Sasa kosa lenyewe. Darubini haioni nukta, inaona doa lenye upana wake, na upana huo hufuta madoa madogo ya anga kama miwani yenye ukungu inavyofuta herufi ndogo. Ukijua upana, unaweza kurudisha kilichofutwa kwa hesabu. Makala ya 2000 ilitumia upana wa dakika 10, na shaka ya dakika moja. Lakini jedwali la mwelekeo lilikuwa na mtetemo mkubwa kuliko ilivyokadiriwa, zile dakika tatu na nusu za mwanzo. Darubini ikiwa kwa kweli inatazama hapa, jedwali lilisema pale, na sekunde iliyofuata likakosea upande mwingine. Ukijumlisha makosa hayo maelfu kwa maelfu kwenye ramani, matokeo ni ukungu zaidi. Upana halisi wa ramani ulikuwa karibu na dakika 13 (mtetemo na upana wa doa havijumlishwi moja kwa moja, kwa hiyo usitarajie 13.5).

Tofauti ya 10 na 13 inaleta nini? Hesabu hii inafanyika kwa kalkuleta ya simu, na nakushauri uifanye mwenyewe maana ndiyo moyo wa kisa. Chukulia doa lina umbo la kengele, kama ilivyo desturi. Kwenye namba 200, penye kilele cha kwanza, doa la dakika 10 linapitisha asilimia 94 ya nguvu, na la dakika 13 linapitisha asilimia 90. Ukirudisha kwa kipimo cha 10 wakati ukweli ni 13, unakosea kwa asilimia 4. Hakuna atakayeona. Nenda kwenye 540, penye kilele cha pili. Doa la dakika 10 linapitisha asilimia 64, la dakika 13 asilimia 47. Sasa umepunguza kilele kwa zaidi ya robo. Kwenye 600 umekaribia theluthi moja. Kosa linakua kadiri unavyokwenda kulia, kwa hiyo linakiacha kilele cha kwanza kizima na kukisawazisha cha pili. Ni sura ileile ambayo maada nyingi ya kawaida ingeitoa. Ukungu ulivaa nguo za fizikia.

Na ule ukaguzi mkali wa kutoa nusu kutoka nusu? Rudi uutazame. Ramani ya kasi moja ina ukungu, na ya kasi mbili ina ukungu. Ukizitoa, madoa yaliyofifia upande huu yanafutana na madoa yaliyofifia upande ule, na inabaki kelele tupu. Ukaguzi umepita. Ungepita hata kama upana ungekuwa dakika 20. Ukaguzi wa namna hii unanasa kitu kilichoongezeka kwenye data, hauna uwezo wa kunasa kitu kilichopungua sawasawa kila mahali. Nimekutana na watu wenye uzoefu wa miaka ambao hawajawahi kulitamka hilo kwa sauti, nami nilikuwa mmoja wao.

Majaribio ya kuiga data yana upofu uleule. Unatengeneza anga la bandia, unalipitisha kwenye jedwali la mwelekeo, unalichuja kama ulivyochuja data halisi, kisha unaangalia kama vilima ulivyoweka mwanzo vinatoka mwishoni. Ni njia bora ya kukamata kosa la programu. Lakini ukitumia jedwali lilelile kutengeneza anga la bandia na kulichambua, mwelekeo kwenye mchezo wako ni sahihi kwa asilimia mia, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeuamuru.

Niliwahi kuratibu kazi ya takwimu za kaya, mahali nisipopataja. Tulikuwa na timu mbili, vyumba viwili, kila moja na programu yake, na tulizikataza kuzungumza. Majibu yao yalilingana hadi desimali ya pili. Tukanunuliana soda. Wiki mbili baadaye kijana mmoja akaona kwamba orodha ya misimbo ya vijiji, ambayo timu zote mbili zilipewa kutoka mkono mmoja, ilikuwa imeruka mstari. Kuanzia kijiji cha arobaini kwenda mbele, kila kaya ilikuwa imehamishiwa kijiji cha jirani. Timu mbili, kosa moja, makubaliano kamili. Tangu hapo nikiambiwa "tumefanya mara mbili kwa kujitegemea", swali langu la kwanza ni njia panda ilikuwa wapi. Baada ya njia panda wako wawili, kabla yake ni mtu mmoja.

Jedwali la mwelekeo liko kabla ya njia panda kwa maumbile yake. Ni kazi ya kuchosha, inahitaji mtu anayejua vihisi vile kimoja kimoja na aliyekuwepo vilipofungwa, na haina utukufu. Hakuna anayeandikwa gazetini kwa sababu alirekebisha mwelekeo. Katika mgawanyo wa kazi, vitu vya namna hii huangukia kwa mtu mmoja au wawili, wengine wote wanapokea faili na kuliamini, kwa sababu wasipoliamini hawatafika kokote. Na kuna jambo moja la tarehe ambalo naona lina uzito: maelezo kamili ya chombo na jinsi kilivyofanya kazi angani yalichapishwa mwaka 2003, miaka mitatu baada ya matokeo ya kwanza. Silaumu, kila mradi ninaoujua huchelewesha waraka wa namna hiyo. Ila waraka huo ndio mahali ambapo mtu wa nje angeweza kukaa na kuhoji namba moja moja.

Waliotoa suluhisho ni wao wenyewe. Mwaka uliofuata matokeo ya kwanza waliliboresha jedwali la mwelekeo, wakaacha kutegemea kigunduzi kimoja, wakaunganisha vigunduzi vinne vya gigahezi 150 na kupanua eneo la anga hadi karibu maradufu. Njia ya hesabu nayo ilibadilika. Eric Hivon na wenzake walikuwa wameunda MASTER, mbinu inayokwepa lile jedwali la bilioni 2.5 kwa kuiga data mara mamia badala yake, ikafanya kazi ya wiki iwe ya muda mfupi. Faida ya kasi hiyo ilikuwa zaidi ya kuokoa umeme. Uchambuzi unaochukua wiki kadhaa hufanywa mara moja, kwa heshima kama ibada. Unaochukua muda mfupi unaweza kurudiwa kila mtu anapopata wazo baya: vipi nikibadilisha mwelekeo, vipi nikitupa siku ya tatu, vipi nikiamini doa ni pana zaidi? Makosa ya aina tunayoizungumzia hukamatwa kwa mawazo mabaya ya namna hiyo.

Mwishoni mwa Aprili 2001, kwenye mkutano wa wanafizikia wa Marekani mjini Washington, matokeo mapya yalitangazwa. Kilele cha pili kilikuwepo. Timu iliripoti vilima vitatu, kwenye 213, 541 na 845, na maada ya kawaida ikatoka 0.022, ikiungana na hesabu ya hidrojeni nzito. Kwenye mkutano uleule ilitangaza DASI, kundi la antena zilizosimama juu ya barafu ya ncha ya kusini, teknolojia tofauti kabisa, bila puto na bila kamba. Nayo ikapata 0.022. Makubaliano ya namna hii ndiyo ninayoyaamini, kwa kuwa njia panda yao ilikuwa mbali sana nyuma: vyombo viwili visivyoshirikiana hata skrubu.

Utagundua pia kwamba kilele cha kwanza kilihama kutoka 197 kwenda 213, na baadaye setilaiti ya WMAP, mwaka 2003, ikakiweka kwenye 220. Hakuna aliyelalamika. Shaka iliyotangazwa mwaka 2000 inaonekana ilikuwa finyu kupita kiasi, lakini hitimisho la anga kunyooka halikutegemea kosa hilo. Siyo kila namba kwenye makala hubeba uzito sawa, na nadhani wasomaji wa wakati ule walijua hivyo. Waliosumbuka ni wale waliochukua namba dhaifu, ya upande wa kulia, wakajengea nyumba juu yake.

Chombo kiliruka tena tarehe 6 Januari 2003, kutoka palepale McMurdo, safari hii kikiwa na vigunduzi vinavyopima mwanga unatetemeka kuelekea upande gani. Mabadiliko mawili ndiyo yanayotuhusu. Kwanza, kiliongezewa kamera ya nyota kwa ajili ya mwelekeo. Pili, uchambuzi ulifanywa na minyororo miwili iliyojitegemea, mmoja uliojengwa zaidi Amerika Kaskazini na mwingine zaidi Italia, na makala zikaonyesha matokeo ya pande zote mbili. Watu wengi wakisimulia habari hii husifu lile la pili, kwa kuwa linahusu ushirikiano na linapendeza kwenye slaidi. Mimi, ningepewa fedha za kununua kimoja tu, ningenunua kamera.

Kuna kitu kwenye makala ya mwaka 2000 ambacho huwa narudi kukitazama. Kwenye picha ya ramani iliyochapishwa na Nature kuna miduara mitatu midogo, iliyochorwa kuonyesha kwazari tatu, vitu vya mbali sana vinavyojulikana tayari kwa mawimbi ya redio. Kwa darubini hii kwazari ni nukta kamili. Upana wowote inaoonekana nao kwenye ramani si wake, ni wa darubini pamoja na mtetemo wa jedwali. Ni dhaifu na zimezungukwa na kelele, kwa hiyo kuzipima upana si kazi ya asubuhi moja. Miduara ilichorwa ili msomaji asizidhanie kuwa madoa ya anga la kale.